Naomba ushauri: ukuta umejaa karatasi, mchoro wa mashine hautoki

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nabuni mashine ya mkono ya kumenya kahawa. Nimezunguka Kibosho na Marangu kuongea na wakulima, sasa nina madaftari matatu yaliyojaa mwandiko mbaya. Nikajaribu njia ya Mjapani Jiro Kawakita ya kupanga hoja: kila hoja karatasi yake, unabandika ukutani, zinazoshabihiana unazisogeza pamoja, jina la kundi linakuja mwisho.

Kuna mama kaniambia mpini unamuumiza bega, na maji ya kuoshea kahawa ananunua kwa ndoo. Hiyo naiweka kwenye kundi la mpini au la maji? Niigawe karatasi mbili, au niunganishe makundi kwa mishale? (Juzi feni imeangusha nusu ya karatasi za ukutani.) Mliowahi kufanya hivi mlitokaje?