Ukwato umemeguka ubavuni: kiatu kirudi, kibandikwe, au aachwe peku?

Tandiko_Refu
Wakuu, habarini. Nina farasi jike wa miaka 11. Amejing'oa kiatu cha mguu wa mbele kushoto, na kiatu kikaondoka na kipande cha ukuta wa ukwato upande wa nje, kuanzia tundu la pili la msumari hadi karibu na kisigino. Juu ya hapo kuna ufa mwembamba uliopanda kama nusu ya ukwato. Damu hakuna, harufu hakuna. Kwenye mchanga anatembea freshi, kwenye kokoto anachagua pa kukanyaga.

Daktari wa mifugo amemwangalia, anasema ndani kuko salama. Fundi wa kwato ananipa njia tatu: kurudisha kiatu cha chuma kwa kusogeza misumari mbele, kubandika kiatu cha plastiki kwa gundi, au kuchonga vizuri na kumwacha peku hadi ukuta mpya ushuke. Moyo wangu uko kwenye peku ila sitaki kumtesa mnyama. Mliopitia haya, nipeni mwanga.

Tupa_Kali
Mkuu, mimi kwato ndiyo kazi yangu. Kiatu cha misumari ningekiweka mwisho kabisa. Sina ugomvi na chuma, farasi wa kazi nzito kwenye lami anakihitaji. Lakini msumari unataka ukuta mzima wa kushika, na huyo ukuta wake ndio umeondoka. Ukilazimisha, kiatu kitang'oka tena na kitabeba kipande kikubwa kuliko cha kwanza.

Halafu tuelewane jambo moja: ufa wa ukwato haufungi. Ni kama kucha uliyoibana mlangoni, lile doa haliponi, linasukumwa mbele mpaka ulikate. Ukuta unaota kutoka pale nywele zinapoishia, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kisiginoni utasubiri miezi 4 au 5, ubavuni kama wako miezi 6 hadi 8, mbele kwenye ncha inakaribia mwaka. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: pale juu kwenye nywele kumeumia? Pakiumia vibaya, ukuta unaweza kushuka na kasoro maisha yake yote.

Tandiko_Refu
Juu ni pazima, ukipapasa ni laini pande zote.

Mama_Zizi
Basi una bahati. Mimi natetea gundi, maana naona mnaipita kimyakimya. Haina misumari, uzito hauangukii pale palipomeguka, na farasi anaendelea na shughuli zake. Wangu alivaa hivyo hadi ukuta ukashuka wa kutosha, kisha tukamtoa viatu moja kwa moja bila kuchechemea. Wayo wake ulikuwa mwembamba mno, angeachwa peku siku ya kwanza angelala chini.

Kasoro yake ni kwamba gundi haitaki mchezo. Ukwato uwe mkavu na msafi kabisa, na fundi awe anajua anachofanya.

Mzee_wa_Kijiti
Hayo yote ya nini? Pakeni oili chafu ya gari, ufa unajiziba wenyewe.

Tupa_Kali
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Oili inang'arisha nje tu, na ukiijaza kwenye ufa unawafungia wadudu ndani. Wanaokula ule mstari mweupe unaounganisha ukuta na wayo wanapenda mahali pasipo hewa.

Peku_Daima
Na hapo ndipo ulinganisho wote unapoamuliwa. Ndugu Tandiko_Refu, kabla hujachagua chochote, safisha wayo kwa brashi, uufuate mstari mweupe kwa ncha ya kijiti cha kusafishia kwato, hasa pale palipomeguka. Pakiwa pagumu, gundi inawezekana. Kijiti kikizama, kikatoka na unga mkavu wa kijivu au uchafu mweusi, usiruhusu mtu abandike kitu juu yake.

Tandiko_Refu
Nimetoka bandani sasa hivi. Kwenye mstari mweupe, usawa wa tundu la msumari, kijiti kimezama kama sentimita moja, kimetoka na vumbi la kijivu linalomeguka kama jibini kavu. Jike hakushtuka.

Mama_Zizi
Ah. Basi naiondoa kura yangu kwenye gundi, naipa peku.

Peku_Daima
Sasa fundi akate ukuta wote uliotengana mpaka afike penye mshiko mzima, pabaki wazi papigwe na hewa. Kama shimo litaendelea kupanda, asimame hapo na daktari apige eksirei kwanza. Ukingo wa ukuta uviringishwe kuzunguka ukwato mzima, na pale chini ya ufa atoe zaidi kidogo ili pasiguse ardhi, kwa sababu kila hatua inayogusa pale inakwanyua ufa kuelekea juu. Wayo usichongwe! Wala ile pembetatu laini ya katikati, toa tu vipande vinavyoning'inia. Huo unene ndio viatu vyake kuanzia sasa. Baada ya hapo tupa ipite kidogokidogo kila wiki 4 hadi 6. Ukisubiri 8 au zaidi, ukuta unarefuka na kuanza kupanuka tena.

Kuhusu kumtesa: nunua buti za kwato zenye mto laini ndani. Avae kwenye kokoto na anapopandwa, avuliwe akirudi, zikaushwe. Anatakiwa atue kwa kisigino kwanza. Akitua kwa ncha, ardhi ni ngumu mno kwake, mrudishe kwenye buti.

Mama_Zizi
Chakula pia. Vitamini ya bayotini miligramu 15 hadi 20 kwa siku, pamoja na zinki na shaba, ila inasaidia ukuta unaoota tu, ule wa zamani haubadiliki. Kwa hiyo usiache mapema. Na punguza nafaka na majani mabichi yenye sukari nyingi, mstari mweupe uliovutika mara nyingi huanzia horini.

Akiamka siku moja hataki kabisa kukanyaga, ukwato una joto na mshipa nyuma ya kifundo unadunda, hilo huenda ni jipu la ndani. Mwite daktari siku hiyohiyo.

Tandiko_Refu
Nimewaelewa, fundi anakuja kesho. La mwisho: kiatu cha mbele kulia ni kizima, nacho kitoke?

Tupa_Kali
Kitoke. Ukikiacha, mguu mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine, na atauegemea ule wenye chuma mpaka bega limuume. Nyuma waweza kuamua baadaye. Mwambie fundi akate ncha za misumari zilizokunjwa kwenye ukuta na kuing'oa mmojammoja, asikivute kiatu kwa koleo kwa mkupuo, usije ukarudi hapa na ukwato wa pili.