Tupeane uzoefu: sikukuu ya somo wa kanisa katika Mji Mkongwe, Unguja

Mwana wa Shangani
Leo nilikuwa kwenye boti nikitokea Dar es Salaam, na kabla sijayatofautisha majengo ya bandarini niliiona ile minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ikichomoza juu ya mapaa, nikakumbuka kwamba Machi 19, sikukuu ya mtakatifu huyo, inakaribia. Kanisa lile lilijengwa na wamisionari Wafaransa kati ya 1893 na 1898, na wenyeji wengi, Wakristo kwa Waislamu, hawaliiti kwa jina la mtakatifu wake bali Minara Miwili tu. Naomba walioiishi siku ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa kanisa, katika mji huu, ambao kengele na adhana husikika katika kichochoro kimoja, watusimulie.

Nianze na la kwangu. Nilipokuwa mtoto nilimwambia bibi wa nyumba ya jirani kwamba kesho hatuendi shule kwa sababu ni sikukuu ya somo wetu. Yeye, kwa Kiswahili chake cha Unguja, alisikia kungwi. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni binti wa nani aliyevunja ungo, na mbona mama yangu hakumwarifu. Jioni alikuja nyumbani na kanga mpya mkononi, na mama alipata kazi kubwa ya kumweleza kwamba somo mwenyewe ni mwanamume, tena seremala.

Jirani wa Kiponda
Nimecheka peke yangu. Kwetu hilo neno limewahi kuleta mkanganyiko kama huo.

Mpiga Kinanda
Mwaka wangu wa kwanza kupiga kinanda, sherehe ya Mtakatifu Yosefu iliniponza. Siku hiyo Utukufu huimbwa ingawa ni Kwaresima, na mimi, baada ya wiki kadhaa za kukaa bila kuugusa, niliupiga kwa furaha iliyopita kiasi. Ilipofika wakati wa shangilio kabla ya Injili, vidole vyangu vikaingia moja kwa moja kwenye Aleluya, ambayo katika Kwaresima haiimbwi hata kama sikukuu ni kubwa namna gani. Kwaya nayo ikanifuata, sauti zote nne. Padri alisimama akingoja tumalize, kisha akasema kwa upole kwamba Pasaka imefika mapema mwaka huu. Tangu hapo naandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari: HAKUNA.

Mpishi wa Jumuiya
Nimesoma hayo yote nikiwa najizuia, lakini naona leo lazima niseme.

Mwaka 2024 Machi 19 iliangukia Jumanne, ndani ya Kwaresima yetu na ndani ya Ramadhani ya majirani zetu. Jumuiya yetu ilikuwa imepangiwa kupika, na mimi ndiye niliyesema, bila kulazimishwa na mtu, kwamba nitapika pilau nyumbani kwangu kisha tuipeleke ukumbini ikiwa tayari. Nilidhani nitamaliza alfajiri. Mkaa ulikuwa mbichi, nyama ilikuwa ngumu, na mpaka sufuria linaepuliwa ilikuwa imekaribia saa saba mchana. Hakuna gari linaloingia katika vichochoro vile, kwa hiyo tuliliweka juu ya mkokoteni, tukalifunika, tukatupa shuka juu yake, na vijana wawili wakaanza kusukuma huku mimi nikitangulia kama mtu anayesindikiza jeneza.

Tulipofika kwenye kona moja nyembamba, msikiti ulio karibu ulikuwa ndiyo kwanza unamwaga watu waliotoka kuswali adhuhuri. Gurudumu likagonga jiwe, mkokoteni ukainama, mfuniko ukateleza na kuanguka kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika mpaka Forodhani. Ndugu zangu, mvuke wa pilau ulitoka wote kwa pamoja, bizari, mdalasini, iliki na vitunguu vilivyokaangwa, ukajaa kichochoro kizima mbele ya watu wasiopungua arobaini waliofunga tangu alfajiri. Hakuna aliyesema neno. Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kuomba radhi, lakini sauti haikutoka, na wale vijana wangu walikuwa wamegeukia ukutani kama wanaosoma matangazo.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akaniangalia, akaliangalia sufuria, akasema: "Funika, mwanangu, usije ukatufuturisha kabla ya wakati." Watu wakaangua kicheko. Wawili wakaja kutusaidia kuinua mkokoteni, na mama mmoja akafungua mlango wa ua wake, akatupitisha kwa ndani mpaka kichochoro cha pili ili tusiendelee kupita hadharani. Mfuniko tuliusahau palepale.

Mwana wa Shangani
Mada nimeianzisha mimi lakini naona sasa ni ya Mpishi. Ilikuwaje baadaye?

Mzee wa Liturujia
Kabla hatujaendelea, napenda kuuliza: pilau ya nyama katika Kwaresima?

Mpishi wa Jumuiya
Mzee, ilikuwa Jumanne, na ni sherehe.

Mama wa Novena
Sherehe au si sherehe, Kwaresima ni Kwaresima. Mwaka 2021 Machi 19 ilikuwa Ijumaa na nikaona watu wazima wakila nyama bila haya. Mimi nilikula ndizi na maharage, nikamwachia Mtakatifu Yosefu ahukumu.

Mzee wa Liturujia
Mama yangu, hapo naomba nikukosoe kwa heshima. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1251, inaondoa wajibu wa kuacha nyama endapo Ijumaa hiyo imeangukia sherehe, na siku ya Mtakatifu Yosefu, mume wa Bikira Maria, ni sherehe, yaani sikukuu ya daraja la juu, si kumbukumbu. Swali langu la pilau lilikuwa la kiasi, si la sheria.

Mama wa Novena
Basi kiasi ndicho nilichokisema mimi.

Kijana wa Vuga
Kwa nini msihamishie Jumapili, kila mtu akapumzika?

Mzee wa Liturujia
Haiwezekani. Jumapili za Kwaresima hazipishi sherehe yoyote. Mwaka 2023 tarehe 19 ilikuwa Jumapili, ikasogezwa Jumatatu tarehe 20. Mwaka 2008 iliangukia Juma Kuu, ikarudishwa nyuma mpaka Jumamosi tarehe 15.

Kijana wa Vuga
Basi Mei Mosi. Ni siku ya Yosefu Mfanyakazi na ni mapumziko kitaifa.

Mpiga Kinanda
Na ni masika. Umewahi kutandika meza uani Unguja mwezi wa Mei? Tena ile iliwekwa na Papa Pius XII mwaka 1955, kanisa letu limekwisha kuwa na zaidi ya nusu karne.

Mwana wa Mkunazini
Sisi Waanglikana wa Mkunazini tumeepukana na mahesabu hayo, kwa kuwa kanisa letu limepewa jina la Kristo mwenyewe. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi 1877. Kwa hiyo Krismasi kwetu ni siku ya kanisa pia.

Kijana wa Vuga
Hongera, lakini hapo umekwepa mada.

Jirani wa Kiponda
Mimi ni Muislamu na nimekuwa nikiwapa majirani zangu mkono wa heri siku hiyo kwa kusema "siku ya Nabii Yusuf", mpaka mwanangu aliponirekebisha kwamba yule wa Sura ya 12 ni mwana wa Yaakub, na huyu wenu ni wa zama za Maryam, wala hakutajwa katika Kurani. Maryam ndiye mwenye sura yake, ya 19. Na tarehe yenu nayo ni 19, lakini tusiifanyie hesabu. Ushauri wangu kwa Mpishi: mwezi wa Ramadhani pikeni usiku, peaneni baada ya magharibi, na msisahau kubisha hodi kwetu.

Mama wa Novena
Usiku hapana, misa inaisha asubuhi na watoto wana njaa. Chai na mandazi vinatosha.

Mpishi wa Jumuiya
Jirani, ndivyo ilivyotokea. Jioni, baada ya adhana, nilipeleka sahani mbili kwa yule mzee wa barazani na kwa yule mama wa uani. Kesho yake sahani zilirudi na kaimati na tende, kwani chombo hakirudishwi kitupu. Mfuniko ulirudi siku ya Idi, umesuguliwa kwa mchanga mpaka unang'aa, na ndani yake wameufunga kipande cha kamba cha kuukazia.