Zulfa na Twaha Wale Wapi?

Kikundi: UKOO WA BOMBO

Jumatatu, baada ya magharibi

Twaha: Assalam aleikum jamaa. Ile safari ya Zanzibar imekuwa kweli. Tunaruka Entebbe Ijumaa, usiku nne, tunarudi Jumanne. Watoto wanabaki kwa Mama. Hoteli iko Bwejuu, pwani ya mashariki. Sasa wananiuliza: tulipie kifungua kinywa peke yake, kifungua kinywa na cha jioni, au vyote vitatu? Wanataka jibu kesho.

Salim: Lipa vyote kaka. Ukishalipa unakula mpaka pesa yako irudi.

Hawa: Salim, na kwenye harusi ya Koboko ulikuwa unarudisha pesa ya nani? 😂

Shangazi Mwajuma: Waaleikum salaam wanangu. Twaha usiwajibu kwanza. Niko kwenye boda, nikifika nyumbani naandika.

Mjomba Kassim: Zanzibar ya nini? Kisiwa chetu cha Kalangala si hiki hapa? Unapanda meli Nakiwogo saa 8 mchana, jioni uko Lutoboka, mchanga upo, maji yapo, ngege anatoka ziwani anaingia kwenye mafuta. Hakuna pasipoti, hakuna kadi ya homa ya manjano.

Twaha: Mjomba, Kalangala ndiko tulikwenda fungate.

Mjomba Kassim: Na ndoa haikudumu?

Hawa: 😂😂 Mjomba amemaliza maneno

Salim: Mimi nasema wabebe sambusa za Mama, siku mbili za kwanza hawanunui kitu.

Mama: Nitawafungia. Na ndizi za kukaanga.

Shangazi Mwajuma: Dada, usifunge kwenye kaveera. Kule mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, uwanjani wanainyang'anya. Weka kwenye kopo.

Shangazi Mwajuma: Nimefika. Sasa Twaha nisikilize. Miaka kumi na tisa nimekaa Unguja kwa mume wangu, Mungu amrehemu, na sita kati ya hiyo nilipika kwenye jiko la hoteli ya pwani. Lipa kifungua kinywa tu. Watu wa likizo hawaamki. Wanashuka saa 3 na nusu, wanakula mayai, chapati, embe, nanasi, maandazi, chai mbili. Saa 7 njaa wataitoa wapi? Cha mchana umelipia, unakwenda kukitazama. Na cha jioni kile cha kujipakulia, usiku wa kwanza ni samaki wa kuchoma. Usiku wa pili yule samaki yuko kwenye mchuzi wa nazi. Usiku wa tatu yumo ndani ya wali. Nilikuwa nampika mimi, namjua.

Salim: Shangazi umetoa siri ya serikali

Twaha: 😂 Sawa Shangazi. Lakini tukiwa Bwejuu bila chakula cha jioni tutakula wapi? Niliwaza twende Mji Mkongwe kila jioni, kule ndiko chakula kiko.

Shangazi Mwajuma: Kila jioni? Bwejuu mpaka mjini ni zaidi ya saa nzima, kurudi hivyo hivyo, na teksi ya usiku itakula kuliko ninyi. Usifanye. Huo usiku wa nne, Jumatatu, umeshalipia Bwejuu?

Twaha: Bado. Nimelipa tatu.

Shangazi Mwajuma: Basi wa nne lala mjini. Uwanja wa ndege uko upande huo huo, Jumanne hukimbizani na ndege.

Hawa: Shangazi, na ule mkahawa ulio juu ya jiwe katikati ya bahari? Ninaona picha zake kila siku. Wifi lazima apige picha pale.

Shangazi Mwajuma: Unaitwa The Rock, uko Michamvi Pingwe, jirani kabisa na Bwejuu. Ni kijumba cha makuti juu ya jiwe. Bei yake si ya mchezo, na sehemu ya hiyo bei unalipia kukaa pale juu, mjue hivyo kabla hamjaanza kununa. Mahali penyewe ni padogo, lazima kuagiza meza mapema. Na ukiagiza saa bila kuangalia maji, umeagiza nusu.

Salim: Maji ya kunywa?

Shangazi Mwajuma: Maji ya bahari, Salim. Yanakupwa na kujaa.

Salim: Yakikupwa yanakwenda wapi?

Shangazi Mwajuma: Hii ndiyo shida ya kuzaliwa kando ya ziwa. Ukifunga mtumbwi Ggaba asubuhi, jioni unaukuta pale pale, ndani ya maji yale yale. Bahari si hivyo. Asubuhi unaiacha mlangoni, mchana imekwenda kule mpaka huioni, wanawake wanatembea juu ya mchanga kutafuta pweza na kutazama mwani wao. Saa sita hivi baadaye imerudi. Pwani ya mashariki ndiyo inakwenda mbali zaidi. Wale wa Nungwi kule kaskazini wanaogelea siku nzima. Bwejuu unaogelea bahari ikitaka.

Mjomba Kassim: Kalangala maji hayaendi popote.

Shangazi Mwajuma: Kassim nipishe. Basi, lile jiwe maji yakikupwa mnalifikia kwa miguu. Yakijaa kuna mashua ndogo ya kuvusha watu. Dada, leo mwezi ngapi, kwa kalenda ya Kiislamu?

Mama: Leo mwezi 10. Nimefunga leo, nimetoka kufuturu sasa hivi.

Shangazi Mwajuma: Mungu akutakabalie. Kwa hiyo Jumapili ni mwezi 16. Hayo ni maji ya bamvua, mwezi umetoka kuwa mpevu, bahari inajaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, Unguja maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa 4. Halafu kila siku yanachelewa kidogo, kama dakika 50. Jumapili basi yatakupwa saa 5 kasoro na kujaa saa 11 kasoro. Twaha, agiza meza ya saa 6 mchana. Mtaingia kwa miguu, mtatoka kwa mashua. Katikati hapo mtakuwa mmekaa mnaitazama bahari ikija. Ukiagiza saa 4 asubuhi utakaa juu ya jiwe kavu kama la Nakasongola.

Hawa: Shangazi umepiga hesabu yote hiyo kichwani??

Shangazi Mwajuma: Mvuvi anayo kwenye vidole. Mimi nilikuwa nawaagizia pweza.

Salim: Chakula shilingi ngapi pale? Tuseme sahani elfu sitini.

Twaha: Zao au zetu? Elfu kumi ya Tanzania ni zaidi ya elfu kumi na tatu ya kwetu. Watu wengi wanasahau hapo, wanaona menyu wanafikiri wako Kampala.

Salim: Basi nitakula kwa niaba yenu hapa Kikuubo. Rolex mbili, chapati na mayai.

Shangazi Mwajuma: Kitu kingine. Zulfa bado kamba zinamdhuru?

Salim: Kamba inamdhuru vipi mtu? Shemeji alifungwa?

Hawa: 😂😂😂

Shangazi Mwajuma: Kamba wa baharini, mjinga wewe! Wale wadogo wenye ndevu. Twaha, hili si la kucheka. Kumwambia mhudumu "mke wangu hali kamba" haitoshi, atakuletea ngisi waliokaangwa kwenye mafuta yale yale ya kamba. Mwambie mpishi achome samaki peke yake, au ale cha kuchemsha. Changu, kolekole, tasi, hao hawana shida. Pweza na ngisi nao huwadhuru baadhi ya watu wanaodhuriwa na kamba, bora awaache. Kambakoche pia ni ndugu yao, asiguse.

Twaha: Mara ya mwisho alivimba midomo Mombasa. Nakumbuka sana Shangazi. Tutabeba na dawa.

Mama: Zulfa mwenyewe yuko wapi? Tunamlisha hayupo.

Jumatatu, saa 4 usiku

Zulfa: Assalam aleikum wazazi wangu. Samahani, nilikuwa nalaza watoto, halafu nasahihisha vitabu vya darasa la sita. Nimesoma yote. Asante Shangazi kwa hesabu ya maji. Lakini naomba niseme bila kumkosea mtu. Mimi chakula si neno. Nataka kiti. Nikae mahali ambapo hakuna mtu ataniita mama kwa dakika arobaini. Niletewe sahani, niile ikiwa ya moto mpaka iishe. Kama ni wali na maharage, sawa tu.

Hawa: Wifi 😭

Mama: Mwanangu.

Shangazi Mwajuma: Ungeanza na hilo, ningeandika nusu. Haya, nafuta.

Shangazi Mwajuma: Ijumaa mtafika mmechoka, kuleni hapo hapo hotelini, mlipie usiku huo tu, mlale. Jumamosi msiende popote mchana. Jioni tembeeni ufukweni mtafute akina mama wa kijiji wanaopika nyumbani, wana meza mbili tatu mchangani. Unapita asubuhi unamwambia unachotaka, anakwenda kununua kwa wavuvi, jioni unakikuta. Huyo hatawapigia muziki. Mwambie akuwekee samaki wa kupaka na wali wa nazi. Jumapili lile jiwe, hilo libaki kwa sababu ya Hawa na picha zake.

Hawa: Asante Shangazi wangu

Shangazi Mwajuma: Jumatatu mjini nilitaka kuwapeleka Forodhani usiku, pale bustanini mbele ya bahari. Mishikaki, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ile wanayoita piza ya Zanzibar. Lakini Forodhani kila mtu anakuvuta, "dada njoo, dada onja." Zulfa hataki kuitwa. Na yale madagaa na pweza yaliyopangwa juu ya meza, huwezi kujua yamekaa tangu lini. Mtu akila pale ale kinachopikwa mbele ya macho yake na aulize bei kwanza. Twaha apite peke yake akitaka. Kwa Zulfa, mkahawa wa paani kule Hurumzi, Emerson. Mnakaa chini kwenye mito, jua linazama juu ya mabati ya mji mzima, na vyakula vinaletwa kimoja baada ya kingine. Hakuna kuchagua. Agizeni kesho, nafasi zinajaa.

Zulfa: Hakuna kuchagua. Shangazi hapo umenipata.

Twaha: Na mchana wa Jumatatu?

Shangazi Mwajuma: Lukmaan, Mkunazini. Unasimama kwenye kaunta unaonyesha kwa kidole, pilau hii, mchuzi ule, unakaa. Bei ya watu. Halafu alasiri, nawaomba kama mzazi, kuleni urojo. Mimi sina mtu wa kunipikia urojo Bombo. Ule mchuzi wa manjano, mchachu wa embe, ndani mna kachori, bajia, viazi, mishikaki miwili, juu unamwagiwa mihogo iliyokaangwa na chatne. Muulizeni kama bajia zimekaangwa mafuta mamoja na kamba. Twaha, ukila na mimi nimekula.

Mjomba Kassim: Haya. Lakini mtakumbuka ngege.

Jumapili, saa 10 jioni

Zulfa: [Picha]

Hawa: Woooo! Wifi! Bahari hiyo!

Salim: Kaka mbona peku?

Zulfa: Muulizeni.

Twaha: Tumeingia kwa miguu kama Shangazi alivyosema. Mchanga mkavu kabisa. Nikavua viatu ili visiingie mchanga, nikaviweka vizuri chini ya ngazi.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi.

Twaha: Nilifikiri nitavikuta.

Salim: VILE VYA SOKO LA OWINO NILIVYOKUCHAGULIA??

Zulfa: Tuko juu tunakula, mhudumu anacheka na mwenzake. Nachungulia chini, kiatu kimoja kinaelea kinakwenda Dar es Salaam. Mwenye mashua amekiokoa kimoja. Cha pili bahari imekataa.

Shangazi Mwajuma: Mtoto wa Bombo. Nimekuandikia maji yatajaa saa 11 kasoro, ulidhani yatakuja na gari?

Mama: Kimoja kimepatikana, mshukuru. Watoto hawajambo. Yusuf ameuliza mama amekula nini.

Zulfa: Mwambie mama amekula samaki mzima. Peke yake. Wa moto.

Shangazi Mwajuma: Samaki gani? Alichomwa au alipakwa?

Zulfa: Shangazi, jana kwa yule mama wa kijiji nilikula kolekole wa kupaka, huyo ninaweza kukusimulia mpaka mifupa. Huyu wa leo nimemla, halafu nikaegemea kiti, upepo ukapiga, nikalala. Twaha anasema nimekoroma. Nimeamka mashua imeshafika.

Hawa: Umelala The Rock?! Watu wanaagiza wiki nzima kabla!

Zulfa: Nusu saa. Hakuna aliyeniita.

Mjomba Kassim: Hata Kalangala ungelala.