Fundi wa Luthuli amelehemu pini za turbo kwenye bodi ya kompyuta yangu ya zamani ya 486, kisha ananiambia ni za mapambo!

Wadau, nani aliwaambia mafundi wetu kwamba kitu wasichokijua ni cha kukatwa?

Nilipeleka bodi hiyo, yenye prosesa ya 486DX2 ya megahezi 66, kwenye duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi. Kazi zilikuwa mbili, na nilimwandikia kwenye karatasi: unganisha kitufe na pini zilizoandikwa TURBO SW, halafu ng'oa kile kibetri cha kuchaji cha volti 3.6. Nikalipa 2,500. Nimerudishiwa bodi pini zote mbili zikiwa zimeshikanishwa kwa tone la lehemu, nyaya za kitufe zimekatwa kwenye shina. "Bosi, hiyo swichi ni ya mapambo, nimekufungia turbo moja kwa moja."

Mapambo! Kitufe hicho kazi yake ni kupunguza kasi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77, na michezo mingi ya wakati ule ilipima muda kwa mwendo wa prosesa yenyewe. Uiendeshe kwenye 486 uone: gari limeshagonga ukuta kabla hujagusa kibodi. Ndiyo maana kitufe kikawekwa, ukibonyeza mashine ipunguze mwendo. Bodi nyingine hupunguza mapigo ya saa ya prosesa, nyingine huzima kache (kumbukumbu ndogo ya kasi), nyingine huifanya prosesa ingojengoje.

Na pini hizo hazina kanuni moja! Kuna bodi zikigusana mashine inakimbia, kuna nyingine zikigusana inajikokota. Yangu ni ya aina ya pili. Jampa moja (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) na dakika chache zingetosha kumwonyesha. Sasa programu ya kupima kasi inatoa majibu ya aibu, Windows 3.1 inafunguka kwa kujivuta, na yeye ananinyooshea kidole kwenye namba za kijani za kasha: "Si unaona inasoma 66?"

Jamani, zile namba hazipimi chochote! Zinapangwa kwa jampa nyuma ya kibao chake. Ukitaka zisome 99, zitasoma 99. Mtu anayejiita fundi wa kompyuta anatoaje ushahidi wa namna hiyo?

Kibetri nacho kiko palepale. Hicho ndicho kinaniuma zaidi, kwa sababu kikivuja kinakula njia za shaba, na hapa kimekaa jirani na soketi ya kibodi. Mguu mmoja umeshaanza ukungu wa kijani. Swichi naweza kutafuta nyingine. Bodi iliyoliwa sitaipata.

Nimerudi kudai, nikaambiwa kazi imeshafanyika. Nataka 2,500 zangu, zote. Na kama kuna mdau hapa Nairobi mwenye pampu ya kunyonya lehemu na mkono uliotulia, aseme anapatikana wapi. Bodi haitoki kwangu tena, nitakaa pembeni nikiangalia akifanya.