Mashoto na bunduki fupi ya Waingereza

Mashoto_Nanyuki:
Wadau, huku kwetu Nanyuki wanajeshi wa Uingereza tumewazoea, wanakuja mazoezini kila mara. Lakini sijawahi kuona hata mmoja akiweka bunduki bega la kushoto. Mimi ni mashoto, ndiyo maana jambo hili nimeliona. Kwao hakuna mashoto? Na mbona magazini, lile kasha la risasi, iko nyuma ya kifyatulio?

Mstaafu_G3:
Wapo, ila hufundishwa wote kulenga kwa bega la kulia. Hiyo ni SA80, iliingia jeshini 1985. Bolti, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani na kuvuta ganda nje, na magazini vimewekwa kwenye kitako, kwa hiyo bunduki nzima ina milimita 785 tu na bado mtutu una 518. Sasa tazama tundu la kutolea maganda: liko kulia, karibu kabisa na shavu. Ukihamia bega la kushoto, ganda la moto linakuja usoni. Na mkono wa kukokia umeshikamana na bolti, unakwenda nyuma na mbele kila risasi. Ganda litakuunguza tu. Huo mkono utakung'oa jino.

Teke lake ni dogo lakini. Sisi tuliobeba bunduki ya G3 tulikuwa na risasi ya milimita 7.62, kichwa gramu 9.5, kinatoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, na jioni bega lilikuwa na habari yake. Ya SA80 ni gramu 4 kwa mita 900 na ushee, msukumo kama nusu. Tena ikiwa na darubini na magazini iliyojaa inakaribia kilo 5, na uzito hula teke. G3 nayo ilirusha maganda mbali ajabu. Aliyelala kulia kwako shauri yake.

Fundi_Chuma:
Si wangeweka tundu pande zote mbili, mtu achague?

Mstaafu_G3:
Wafaransa walifanya hivyo. Kwenye FAMAS unahamisha kucha inayovuta ganda, unageuza na kipande cha kuwekea shavu, basi inatupa kushoto. Steyr AUG ya Austria unanunua bolti ya mashoto. Ila hayo ni ya kufanyia mezani. Ukifika kwenye kona ya nyumba na unataka kubadili bega hapo hapo ili usitoe mwili wote nje, hayakusaidii. Wabelgiji ndio walioliona hilo: F2000 inasukuma maganda kwenye bomba hadi mbele, yanadondoka karibu na mdomo wa mtutu. Bega lolote sawa. Mimi hata hivyo siipendi. Ganda likikwama humo ndani, hulioni kwa urahisi.

Mashoto_Nanyuki:
Na risasi isiyo na ganda kabisa?

Mstaafu_G3:
Wajerumani walitengeneza, G11. Ilifyatua tatu kwa kasi hata ukija kulihisi teke, zote zimeshatoka. Tatizo likawa joto. Ganda la shaba likitoka hutoka na joto. Bila ganda, joto linabaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, na baruti ikawa inajiwasha yenyewe. Walibadilisha baruti, hali ikawa nafuu, lakini mradi ukafa. Miaka ya 1990 jeshi lao likachukua G36, ambayo maganda inatupa kulia.

Mashoto_Nanyuki:
Kulia tena! Haya.