Uzi wa malalamiko: Bando la setilaiti limekata tarehe 11, bili ni ya mwezi mzima

Wakuu, salamu zitangoja. Uzi huu nimeuandika kwanza kwenye notisi za simu, maana ukurasa wenyewe unachukua dakika nzima kufunguka, na ukishafunguka kitufe cha kutuma hakionekani. Leo ni tarehe 12. GB 60 za mwezi zimekata jana saa tatu usiku. Mpaka mwezi uishe niko kwenye kitu wanachokiita "kasi iliyorekebishwa", yaani Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde, na biti nane ndizo baiti moja), na bili itakuja ileile bila kupungua hata senti.

Mnaokaa penye faiba hamtanielewa, kwa hiyo niwapigie hesabu. Kwa Mbps 1, GB moja inashuka kwa masaa mawili na dakika 13, kama kila kitu kimekwenda sawa. Huku kwetu kila kitu hakijawahi kwenda sawa.

Kabla hamjaanza kunifundisha, niseme nisicholalamikia. Silalamikii umbali. Setilaiti yangu ni ya zile zinazoonekana zimesimama sehemu moja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu. Ombi langu lipande, lishuke kituo chao cha ardhini, jibu lipande tena, lishuke kwangu: hiyo ni zaidi ya kilomita 143,000. Mawimbi yanakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde imeshakwenda kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake. Ndiyo maana tukipiga simu ya mtandaoni ni "haya, sema wewe", "hapana, sema wewe", halafu wote tunanyamaza, halafu wote tunasema. Nimezoea. Mvua kubwa ikinyesha matone yanayanyonya mawimbi na huduma inapotea; nayo nimezoea. Hata zile siku za karibu na Machi na Septemba, jua linapokaa nyuma ya setilaiti na kuupofusha ungo kwa dakika chache, natoka nje nanyoosha miguu. Mbingu sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu ni na binadamu wanaonihesabia.

Tangazo lilikuwa na "Mbps 25" kwa herufi kubwa kama mlango. Sasa chukua hizo GB 60, zishushe kwa hiyo kasi ya Mbps 25 waliyoniuzia. Zinaisha kwa masaa matano na dakika 20. Mwezi wa siku 30 una masaa 720! Nimeuziwa gari la mbio, nikapewa mafuta ya asubuhi moja. Au tuseme tunaangalia video tu: picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, kwa hiyo bando zima ni masaa 20, ambayo ni dakika 40 kwa siku. Nyumba yetu ina watu sita. Gawa mwenyewe uone kila mtu anapata nini, na hapo hakuna aliyesoma, aliyetuma barua pepe wala aliyepiga simu.

Mwezi huu ulivyokufa ni hivi. Jumamosi alikuja shemeji. Akaomba nenosiri la Wi-Fi, nikampa, utamnyimaje shemeji? Simu yake mpya, ilipoona Wi-Fi ikadhani imefika mjini, ikaanza kupandisha picha na video zote za miaka miwili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kimyakimya. Mimi nilichoona ni taa ya modemu inapepesa bila kupumzika kuanzia mchana, kama jicho lenye mdudu. Nikadhani ni watoto. Tulipomaliza kula nikafungua mita: GB 9 hazipo. Shemeji mwenyewe hakuwa ameigusa simu, ilikuwa juu ya kabati inachaji.

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba hata unachokipandisha kinahesabiwa. Nimesoma mkataba upya, kweli imo, ukurasa wa sita, kwa maandishi ya kutafutia miwani.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nilisubiri dakika 26 (muziki wao naujua kwa moyo sasa), akapokea kijana mpole sana, sina neno naye.

"Mpendwa mteja, kifurushi chako hakina kikomo."

Nikamwambia ndugu yangu, nimefika kwenye kikomo, ndiyo maana nakupigia.

"Hapana, hakina kikomo. Baada ya GB 60 unaendelea kutumia bila kukatiwa, isipokuwa kwa kasi iliyorekebishwa."

Sasa wakuu, mtu akikuuzia maji yasiyo na kikomo, halafu ndoo ya tatu ikijaa akafunga bomba likabaki linadondosha tone moja moja, na akakuapia kwamba hajakukatia maji, utamwitaje?

Dawa aliyonipa ni ninunue bando la nyongeza. Nilinunua mwezi uliopita. GB moja ya nyongeza inanitoka karibu mara tatu ya GB ya kifurushi, na mwezi ukigeuka inakufa pamoja na zingine hata kama umeinunua juzi. Zilinifia GB 4 hivyo. Hakuna aliyepiga simu kunipa pole.

Kuna jambo la mita pia, na hapa niwe mkweli, nilianza kwa kumshuku mtu bure. Ruta yangu inahesabu yenyewe. Siku bando lilipokata, yao ilisema 60 na yangu ikasema 55.9. Nikawaka, nikaanza kuandika "wezi". Kijana wangu wa sekondari ndiye aliyenituliza: kampuni inahesabu GB kwa baiti bilioni moja kamili, ruta inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambayo ni baiti 1,073,741,824. Gawanya, inakuja 55.9 ileile. Haya, si wizi. Lakini katika watu wanne niliozungumza nao pale huduma kwa wateja hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza hilo. Walichoniambia wote ni nizime modemu, nihesabu hadi 30, niwashe.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa, na naomba anayefanya kazi kwenye hizi kampuni aje anikosoe.

Setilaiti ni bomba, si tangi. Haina ghala la GB huko juu ambalo mimi nikichota linapungua. Ina uwezo wa kupitisha kiasi fulani kwa kila sekunde, na sekunde ikipita bila kutumika, uwezo wake umepotea, hakuna anayeuweka akiba. Chukueni ViaSat-1, iliyorushwa Oktoba 2011 (si yangu, naitolea mfano tu kwa kuwa namba zake ziko wazi): uwezo wake wote ni kama Gbps 140, yaani Mbps 140,000. Kwa wakati wake ilikuwa kubwa ajabu. Ukigawa kwa watu wanaovuta Mbps 25 kwa mpigo, wanatosha 5,600. Setilaiti nzima! Kwa hiyo naelewa kabisa kwamba jioni, watu wote wakiingia pamoja, lazima pawe na foleni. Nipunguzieni kasi jioni, nitanuna lakini nitaelewa.

Lakini GB niliyoitumia saa tisa usiku, wakati wilaya nzima imelala na bomba linapitisha hewa, imempunguzia nani? Na kama kweli hazina hasara usiku, mbona nazo mmezihesabu? Maana bando la usiku ninalo, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, na lenyewe lina kikomo chake! Yaani wamekiri kwamba usiku kuna nafasi, halafu wakaiwekea kufuli nafasi iliyo tupu.

Na mjue hayo masaa ya usiku yanatumikaje. Saa nane kasoro tano kengele ya simu inalia chini ya mto ili mama watoto asiamke. Najifunga shuka, nakaa sebuleni gizani na kompyuta ya kijana inayodai sasisho la GB 5, nasubiri mita igeuke kutoka "mchana" kwenda "usiku". Ikigeuka nabonyeza. Saa tisa na nusu imefika asilimia 71, wingu linapita, inakwama. Haianzii pale ilipoishia, inaanza sifuri. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilibaki naitazama tu mpaka jogoo akawika.

Najua yatakayoandikwa chini, nijibu mapema. "Punguza matumizi": nimezima video kujicheza, nimeshusha ubora hadi 480, masasisho yote nimeyawekea kizuizi, kamera ya getini nimeichomoa. Tatizo ni kwamba kurasa zenyewe zimenenepa, unafungua habari ya aya nne inashuka na video tatu usizoomba. "Tumia mtandao wa simu": mnara wa karibu uko nyuma ya mlima, ingekuwepo hiyo njia nisingefunga ungo. Aliyeniambia nitumie VPN ya ofisini (ile inayofunga data yote kwa siri njia nzima), nayo ndiyo balaa zaidi. Modemu ya setilaiti huficha ule ucheleweshaji kwa kujibu "nimepokea" kwa niaba ya upande wa pili. VPN ikishafunika kila kitu, modemu haioni cha kujibu, kasi inaanguka.

"Hamia zile za obiti ya chini", yaani setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Haya. Tangu SpaceX waliporusha zile setilaiti 60 za kwanza za Starlink Mei 2019, mambo yamebadilika kweli, sikatai. Kilomita kama 550 si kilomita 35,786, simu inaongeleka kama uko chumba cha pili. Ila kuna vifaa vya kununua kwanza, na ungo wa aina hiyo unakula umeme mchana na usiku. Wati 50 tu kwa masaa 24 ni zaidi ya uniti moja kila siku, na mimi niko kwenye sola iliyopimwa kwa taa, redio na hii modemu. Juu ya hayo nina mkataba wa miezi 24, imebaki 13, na kuuvunja ni kulipa yote 13. Waliufikiria hadi mwisho.

Ninachodai si cha ajabu. Hesabuni jioni peke yake, penye foleni. GB nilizolipia zikibaki zihamie mwezi unaofuata, na za nyongeza zikae angalau siku 30 tangu siku niliyonunua. Na lile neno "bila kikomo" liondolewe, au "Mbps 1" iandikwe kwa ukubwa uleule wa "Mbps 25".

Wenye ruta inayohesabu, naomba mniwekee hapa namba mbili: mita yenu ilisema ngapi siku bando lilipokata, na mita ya kampuni ilisema ngapi. Nataka kujua kama tofauti ya kila mtu ni ileile ya 1,024 au kuna zaidi. Andikeni kwa maneno tu tafadhali, picha za skrini msiweke, kwangu hazifunguki hadi tarehe 1.