MREJESHO: Yule dogo aliyesagwa vidole na mashine pale kiwandani

Wakuu, niliuliza hapa tufanyeje baada ya dogo kusagwa vidole viwili akichomoa plastiki iliyokwama kwenye mashine, mabosi wakasema ni uzembe wake. Nikafuata ule ushauri wa kuuliza "kwanini" mara tano, yani kila jibu unaliuliza tena kwanini mpaka ufike kwenye chanzo, aisee, kumbe kava la kukinga mikono lilitolewa kitambo kwasababu linachelewesha usafi, na swichi ya mlango imefungwa waya ili mashine isizime mlango ukifunguliwa, huo waya nimeushika mwenyewe umeshaota kutu!! Yani uzembe wa dogo uko wapi hapo? Sasa hivi kila fundi ana kufuli lake, akitaka kugusa mashine anazima swichi kuu na kuifunga ili mtu asiiwashe, na ufunguo anatembea nao mfukoni. OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wameshataarifiwa, madai ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) yanaendelea. Dogo jana kashika kijiko.